Jua linawaka Shimoni, naambiwa bahari imechafuka. Nimechezwa ama?

BabaTasha_Umoja:
Wadau hamjambo. Mimi naishi Umoja na mnajua hii baridi ya Julai vile iko, watoto wanalala na soksi, nikasema acha niwapeleke Pwani wakaone pomboo kule Kisite, ile hifadhi ya baharini. Nikatuma dipoziti kwa jamaa mmoja wa mashua, tukapanda treni, tukavuka feri Likoni, hao Shimoni. Kufika jamaa anasema leo hatutoki, bahari imechafuka. Kesho yake vilevile. Mimi naangalia juu jua linawaka, hakuna hata kawingu ka mvua, maji pale gatini yametulia kama ya karai. Sasa imechafuka wapi?? Dipoziti nayo harudishi, ati nije Desemba itahesabika. Nimechezwa ama kuna kitu sielewi?

Mpate_Islii:
Pole ndugu yangu. Ya dipoziti sijui, lakini kwa hili la bahari hakukudanganya. Mimi ni mtu wa Pate, saa hii niko Eastleigh nauza vitambaa. Hiyo ni kusi, upepo wa miezi hii utokao kusini, na kusi haiangaliwi juu, yaangaliwa nje baharini. Pale gatini kisiwa cha Wasini kimekukinga ndiyo ukaona maji yametulia, ungepita ncha ya kisiwa ungejionea. Siku nyingine tazama mwambani, ukiona mstari mweupe haukatiki, povu hili halijaanguka lingine lishapanda, na wavuvi wamevuta madau yao juu wamekaa chini ya mkungu washona nyavu, basi jua hakuna safari. Marehemu babangu alikuwa nahodha, miezi hii alishusha tanga kubwa akafunga dogo, na upepo ukizidi hatoki kabisa, yuko nyumbani mamangu amtuma sokoni kama mtoto 😂. Mvua si kitu, ni upepo, na huenda umevuma mbali huko wewe waletewa mawimbi tu.

Ticha_Kasarani:
Na hiyo baridi yako ya Umoja na hayo mawimbi vimetoka mahali pamoja. Juni mpaka Agosti ni majira ya baridi kusini mwa ikweta, kwa hivyo ule mgandamizo mkubwa wa hewa ulioko kusini mwa Bahari Hindi, pande za Mauritius na Réunion kuteremka chini, unapata nguvu, na huko India na Asia nako ni joto, hewa imekuwa nyepesi. Basi hewa inatoka kule inakuja huku, inavuka maelfu ya kilomita za maji bila mlima wa kuizuia, kwetu inavuma kutoka kusini-mashariki, ikishapita ikweta inapinda kulia na kuelekea India na mvua yake ya monsuni. Somalia ndiyo inapigwa vibaya zaidi, maji ya juu yanasukumwa mbali na ufuo mpaka ya baridi yanapanda kutoka vilindini. Hewa hiyohiyo yenye unyevu ikipanda hadi Nairobi, mita 1,700 hivi, inafanya lile wingu zito la chini linalotuzibia jua hadi saa nane mchana.

Achi_SouthB:
Mbona mnamtisha? Sisi Agosti mwaka jana tulikuwa Diani na tuliogelea fiti tu

Mpate_Islii:
Dada, mliogelea ndani ya mwamba. Mwamba ndio unaovunja wimbi, nyinyi mwaletewa mabaki. Kisite ni kutoka nje, si sawa.

kevo_254:
na vimbunga je? wife anaogopa hiyo sana

Ticha_Kasarani:
Kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisokote na karibu na ikweta nguvu hiyo ni kidogo mno, Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini. Kusini-magharibi mwa Bahari Hindi msimu wake hasa ni Novemba mpaka Aprili, ingawa Hidaya kilikuja Mei 2024 kikafika pwani ya Tanzania. Julai mwambie alale, cha kuangalia ni ile tahadhari ya upepo na mawimbi makubwa inayotolewa na Idara ya Hali ya Hewa.

BabaTasha_Umoja:
Sawa nimeelewa, kumbe nilikuwa natukana mtu bure. Sasa Desemba ndiyo poa kweli ama ananizungusha tu

Mpate_Islii:
Desemba hadi Machi ni kaskazi, baridi iko kwao Arabuni na Asia huko, upepo watoka kule kuja kwetu na huku pwani ya kusini hauna ukali wa kusi. Maji huwa safi wamuona samaki chini, na joto lapanda, kufika Machi ni nyuzi 29 hivi wakati Agosti ni 25. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi yamebeba tende na mazulia, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko. Lakini Desemba mwanzo bado ni mapema, upepo waweza kuwa haujakaa sawa. Mwambie Januari. Na akuandikie hiyo dipoziti, meseji tu yatosha. Kitu kimoja utakikosa, nyangumi, hao hupita Julai mpaka Septemba wakitoka Antaktika, hii hii bahari uliyokatazwa 😅

BabaTasha_Umoja:
Nimemtext. Amejibu sasa hivi: "Januari sawa, pesa yako ipo. Leo pia hatujatoka."