Picha za kufundishia watoto kuona mabadiliko

Ticha wa Gredi 2: Jamani walimu wa Mombasa, nawaonyesha watoto picha mbili za zamani na sasa, nauliza kimebadilika nini, wanajibu tu "rangi". Nifanyeje?

Bin Tudor: Piga mwenyewe kwa simu ticha, simama ufuoni maji yakijaa, urudi palepale baada ya kama masaa sita yakishakupwa, halafu usikimbilie mabadiliko, uliza kwanza waona nini, wahesabu madau, mawe, mizizi ya mikoko, hapo sikwambii.

Mama Likoni: Kweli kabisa. Mimi nilitumia daraja la Nyali, lile la zamani la kuelea na hili la 1980, mmoja akaniuliza "sasa mashua zilikuwa zapita wapi?" Nikabaki kucheka 😂