Shemeji yangu kanidhalilisha ndani ya kinu cha upepo, tena kwa lugha tatu!

Wakuu, niko kwenye boti narudi Rotterdam, mikono inatetemeka. Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule wa safari za umoja, mjuaji tangu enzi za Nuhu.

Leo katupeleka Kinderdijk, hapa Uholanzi, kwenye vile vinu 19. Tukaingia kimoja cha mwaka 1738 ambacho sasa ni makumbusho. Mwenye kinu alikuwa anaishi humo humo na mke na watoto kibao, na vitanda vyao ni makabati ya ukutani, vifupi, wanalala nusu wamekaa. Nikainama nichungulie. KUCHUNGULIA tu! Jamaa akapaza sauti: "Shemeji usiingie humo, tutaita zimamoto!"

Wenzetu wakacheka, sawa. Akageuka akatafsiri kwa Kiholanzi. Halafu Kiingereza! Bibi mmoja wa Kizungu alicheka mpaka akashika ukuta. Mabawa ya kile kinu yanapita karibu kugusa ardhi, ndiyo maana kuna milango miwili, utokee upande wa salama. Kwa hasira nilitaka kutokea ule mwingine.

Wakuu, ALITAFSIRI!

Kamba Mbili: Pole mkuu. Swali dogo tu: ungeenea?

Mama Bahasha: Uzi bila picha ni chai.

Kamba Mbili: Na ile ngazi ya juu ulipandaje? Mimi mwembamba nilishuka kinyumenyume nikisali.

Mwenye uzi: Ngazi sikupanda. Msibadilishe mada. Katafsiri MARA MBILI!

Sembe Tupu: Kwani hawauzi unga hapo? Nilitaka kuwaagiza.

Kamba Mbili: Vile vilikuwa vya kuvuta maji mashambani, hakuna unga. Nenda kinu cha De Bleeke Dood kule Zaandijk, ng'ambo ya mto kutoka vinu vya Zaanse Schans. Ila usivuke ukaingia De Kat, kile kinasaga rangi, utakula ugali wa bluu.

Mama Bahasha: Huyo shemeji wake ndiye aliyekusanya michango ya Idi. Tulikula pilau ya vitunguu.

Sembe Tupu: Umenikumbusha! Mimi nilipata mfupa.

Mama Bahasha: Una bahati, wewe ulipata mfupa.

Mwenye uzi: Jamani, kuhusu kile kitanda…

Sembe Tupu: Mkuu subiri kidogo. Mbuzi walikuwa wawili, mimi mwenyewe niliwaona kwenye picha aliyotuma. Wa pili kaenda wapi?