Niko Iowa kiwanda cha nyama, ofisini wananiambia hapa ni jimbo la "haki ya kufanya kazi". Nijiunge na yunioni au niache?

mtoto_wa_kasulu:
Habari za humu wakuu. Naombeni ushauri hasa nyie mliokaa Marekani muda mrefu. Nina miezi minne kwenye kiwanda cha nguruwe huku Iowa, shifti ya usiku, nakata mabega. Jumanne mama mmoja wa yunioni, yaani chama cha wafanyakazi, alikuja kantini na fomu, ada ni kama dola 11 kwa wiki, inakatwa moja kwa moja kwenye cheki. Nikaenda kuuliza ofisini wakaniambia hili ni jimbo la haki ya kufanya kazi kwahiyo hakuna wa kukulazimisha, na mkataba utakulinda hata usipolipa senti. Sasa kama unanilinda hata nisipolipa, nilipe ya nini? Dola 44 kwa mwezi ni unga wa nyumba nzima kwa mama kule Kasulu, sio hela ya kuchezea. Na nikikataa, naweza kufukuzwa? Nikikubali mabosi hawataniwekea kinyongo?

fundi_bodi_detroit:
Karibu ndugu yangu. Kwanza hilo jina limewachanganya wengi sana, mimi mwenyewe nilipofika nilidhani haki ya kufanya kazi maana yake mwajiri hawezi kukufukuza ovyo. Hapana. Haikupi kazi na haikulindi usifukuzwe. Kinachosema ni kitu kimoja tu, kwamba yunioni na mwajiri hawaruhusiwi kukubaliana kwamba kila anayefaidika na mkataba lazima achangie. Chanzo chake ni sheria ya Taft-Hartley ya 1947, bunge la Marekani liliipitisha juu ya kura ya turufu ya rais Truman, na ndani yake kuna kipengele kinachoruhusu kila jimbo lijiamulie. Iowa waliamua mwaka huohuo wa 1947. Sasa hivi ni majimbo 26.

Ofisini hawajakudanganya, ila wamekupa nusu ya habari. Yunioni ikishachaguliwa na wafanyakazi wengi, sheria ya nchi inaibana iwawakilishe wote sawasawa, aliyelipa na asiyelipa. Ukipata kesi, wao ndio watalipia wakili na msuluhishi. Hela inatoka wapi? Kwa hao wenzako wanaokatwa. Huko nyumbani tungesema unakula harusi ambayo hukuchangia, tena unakaa meza ya mbele.

Na kuhusu kufukuzwa ndio wengi hawajui. Karibu Marekani yote ukiondoa Montana, mtu asiye na mkataba anaweza kufukuzwa leo bila sababu ya maana, ilimradi isiwe sababu iliyokatazwa na sheria kama rangi au dini. Kinachozuia hilo kwenye kiwanda chenu ni mkataba wa yunioni, ile sentensi inayosema lazima kuwe na sababu ya haki. Kwahiyo ulinzi wako unatoka kwa yunioni ndugu yangu, hiyo sheria yenye jina zuri haihusiki.

Sisi Michigan tuliletewa hiyo kitu Desemba 2012, ikaanza 2013, nikaona kwa macho yangu watu kwenye laini yetu wanaacha kulipa mmoja mmoja, mikutano ikapoa, stewadi (mfanyakazi mwenzetu anayetuwakilisha kwa niaba ya yunioni) mmoja akabaki kuhudumia watu wa stewadi wawili. Imefutwa 2023 na kufutwa kwenyewe kumeanza kazi Februari 2024.

nimechoka_makato:
Mimi nitasema tofauti na msinishambulie. Nipo Texas, bohari la mizigo, nililipa ada miaka mitatu. Siku nimebadilishiwa shifti kinyume na ukongwe wangu kazini nikampigia stewadi mara tano, hakupokea, nikaenda ofisi yao nikaambiwa niache ujumbe. Mpaka leo. Nikajitoa, na ni ile sheria mnayoisema vibaya ndiyo iliyonipa mlango wa kutokea. Hela yangu ni jasho langu, kwanini mtu anikate kwa lazima halafu sehemu nyingine ianze kufanya siasa za wagombea ambao siwataki? Chama kikijua hela inaweza kuondoka kitajituma. Kinachojua hela inaingia hata wakilala, kitalala. Hata bongo tumeona vyama vinavyoamka Mei Mosi kugawa tisheti na kofia basi.

dada_wa_laini_3:
@nimechoka_makato pole kaka, na hilo la stewadi kutopokea simu nakubali lipo, tena linaniuma. Ila hilo la siasa lina jibu lake, tangu kesi ya Beck mwaka 1988 hata kwenye majimbo yasiyo na sheria hii mfanyakazi wa kampuni binafsi anaweza kukataa kulipia siasa, akalipia sehemu ya kujadili mkataba na kusimamia kesi tu. Na wafanyakazi wa serikali, baada ya kesi ya Janus 2018 hakuna wa kuwalazimisha nchi nzima. Kwahiyo kinachogombaniwa na majimbo ni ile sehemu ya kujadili mkataba na kusimamia kesi tu.

Sasa @mtoto_wa_kasulu sikiliza mdogo wangu, mimi ni stewadi, kiwanda cha nyama kama chako, Nebraska, na huku pia sheria ni hiyohiyo. Mwaka wangu wa pili vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi usiku, naamka naning'iniza mkono pembeni ya kitanda ndio damu irudi, asubuhi siwezi kufunga kifungo cha shati la mwanangu. Kisu kikiwa butu unakamua zaidi, na laini haikusubiri. Nikaitwa ofisini kwamba nimekuwa mzito na nimeacha nyama kwenye mfupa, karatasi ya onyo iko mezani imeshaandikwa, kalamu juu yake. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Nilikuwa nimefundishwa sentensi moja tu, kwamba namtaka mwakilishi wangu kabla sijajibu. Nikaisema. Supavaiza akaiweka kalamu mfukoni. Mzee mmoja Mmeksiko akaja na kijitabu cha mkataba, akafungua ukurasa wa majeraha, wakaongea dakika ishirini, nikatoka pale bila onyo na nimehamishiwa kazi nyepesi wiki sita mkono upone. Hiyo haki ya kuomba mwakilishi kwenye kikao kinachoweza kukuletea adhabu ni ya tangu 1975, mahakama ya juu kabisa ya Marekani, kesi ya Weingarten. Unayo hata usipolipa. Lakini yule mzee alitoka kwenye laini yake akalipwa muda ule kwa sababu kuna watu wanachanga.

Na usiyejiunga hupigi kura. Mkataba ukija kupigiwa kura kuhusu nyongeza, bima, mapumziko ya kwenda chooni, wanachama ndio wanaamua, wewe unasubiri kuambiwa.

Bosi kukuwekea kinyongo kwa kujiunga ni kosa kisheria, kukufukuza kwa kukataa nako huku hairuhusiwi. Jambo moja la muhimu kabla hujasaini, soma ile karatasi ya kukatwa kwenye cheki. Mara nyingi inakufunga mpaka mwaka mmoja na kuna siku chache tu za kujitoa. Mwambie akuonyeshe hizo siku, aliye mkweli atakuonyesha.

mwl_mstaafu:
Nichangie kidogo kutoka nyumbani. Tanzania tulichagua njia nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 72, inaruhusu chama chenye wanachama wengi kazini kikubaliane na mwajiri kwamba asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, bila kulazimishwa kuwa mwanachama. Kenya nao wanayo kwenye sheria yao ya 2007. Nimekatwa miaka mingi na nimelalamika sana, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisomea mapato na matumizi. Wanangu, mnaobishana kulazimisha au kutolazimisha, ulizeni pia hesabu zinasomwa lini na nani.

fundi_bodi_detroit:
Mwalimu umegusa penyewe. Na @nimechoka_makato, kwa heshima, stewadi asipopokea simu anapigiwa kura anatolewa. Ukijitoa, unamwachia kiti.

nimechoka_makato:
Nitalifikiria hilo. Sijui kama nitarudi lakini hoja ya kura sikuwahi kuiweka hivyo.

mtoto_wa_kasulu:
Asanteni sana wote. Dada hilo la ganzi umenishtua, maana mimi vidole viwili vimeanza na nilidhani ni baridi. Leo usiku nimemtafuta yule mama kantini, amenionyesha siku za kujitoa, ziko nyuma ya fomu kwa maandishi madogo, nimepiga picha. Mkutano ni Jumapili saa nane mchana na kuna mtu wa kutafsiri Kiswahili. Fomu bado ipo kwenye begi, nakwenda kwanza nikawaulize hesabu zinasomwa lini, na habari ya kunoa visu.

dada_wa_laini_3:
Mdogo wangu, vidole usisubiri Jumapili. Kesho mwanzo wa shifti nenda kwa nesi wa kiwanda, hakikisha anaandika tarehe, na uombe kopi.