Wachezaji sita, zimwi moja: pambano la D&D linaisha raundi ya pili

MlinziWaDaraja

Wakuu, habari za humu. Naendesha D&D toleo la tano, sheria za 2014, ule mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika na dadu zinaamua matokeo. Wachezaji ni sita, wahusika wote levo ya 3. Nikiweka adui mkubwa mmoja, mfano zimwi lenye uhai 59, linakufa raundi ya pili kabla halijamtisha mtu. Halafu pambano lenyewe, pamoja na ufupi wake, linakula karibu nusu saa, na wanaosubiri zamu wanaingia kwenye simu. Nafikiria kuongeza madhara ya rungu la zimwi mara mbili. Ni sawa? Na muda nipunguze vipi bila kuwakimbiza watu?

Kinga15

Rungu usiliguse, mkuu. Kinachoua zimwi lako ni idadi ya zamu. Kinga yake, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate, ni 11. Mhusika wa levo ya 3 kwa kawaida anajumlisha 5 kwenye dadu ya pande 20, kwa hiyo akitupa 6 kwenda juu amepata: nafasi 15 kati ya 20. Akipata anaumiza kama 8. Watu sita, mara robo tatu, mara 8, ni 36 kwa raundi. Mbili tu, 59 imeisha. Muda huo zimwi limeinua rungu mara moja au mbili, kwa wastani wa 13 kila likipata.

Ukilidabo, pigo la kawaida ni 26. Mchawi wa levo ya 3 ana uhai 18 hivi, analala papo hapo. Ikitoka 20 kamili, wastani unafika 44: 18 za kwanza zinammaliza, zinabaki 26, na kwa kuwa zinazobaki zimezidi uhai wake kamili, sheria inasema amekufa pale pale, bila kutupa dadu ya kujiokoa. Yaani pambano litabaki fupi vile vile, ila sasa linaua mtu kwa bahati ya dadu moja.

Ongeza miili. XP ni pointi zinazopima ugumu wa adui: zimwi ni XP 450, kibwengo ni 50. Zimwi na vibwengo sita ni 750. Maadui wakiwa wengi, XP inazidishwa: kwa maadui saba kizidishi ni 2.5, lakini kundi la wachezaji sita linashuka ngazi moja hadi 2, kwa hiyo unapata 1,500. Kwa wahusika sita wa levo ya 3, pambano gumu linaanzia 1,350 na la hatari ya kufa linaanzia 2,400. Upo pazuri. Zimwi peke yake kwa hesabu hiyo hiyo ni 225, na hata pambano jepesi linaanzia 450, ndiyo maana halimtishi mtu.

Uhai nao una nafasi halali ya kuongezwa. Hiyo 59 ni wastani wa dadu saba za pande 10 jumlisha 21, kwa hiyo zimwi kubwa la ukoo linaweza kuwa na hadi 91 bila kuvunja sheria yoyote.

PandeIshirini

Naunga mkono, ila angalia unavyowapanga hao vibwengo. Kila mmoja ana uhai 7. Mchawi akitoa mikono ya moto, ile inayofunika futi 15 mbele yake, dadu tatu za pande 6 ni wastani wa 10. Ukiwabananisha pamoja, zamu moja imefuta nusu ya kundi. Weka watatu mbele na zimwi, watatu pembeni nyuma ya miti na pinde. Upinde wao mfupi unafika futi 80 bila adhabu. Na usisahau kuwa kibwengo anaweza kujificha au kuchomoka kwa kitendo cha ziada kila zamu. DM wengi, yaani waendesha mchezo, wanasahau hilo, ndipo vibwengo wanakuwa kuni tu.

Kuhusu muda: wachezaji sita wakitumia dakika mbili kila mmoja na wewe tatu, raundi ni dakika 15. Wakishuka sekunde 45 na wewe dakika moja na nusu, raundi ni dakika 6. Hakuna haja ya kumkaripia mtu. Kunja vikaratasi, andika jina la kila mhusika pande zote mbili, vitundike juu ya kibao chako cha kufichia maandishi kwa mpangilio wa zamu ili wote waone. Upande wako andika kinga ya mhusika huyo, usiulize kila mara. Ukiita zamu, taja wawili: “Mpiga mishale, cheza, mganga, jiandae.” Dadu ya pande 20 na za madhara zitupwe pamoja. Vibwengo wote wapewe zamu moja, na wewe tumia madhara ya wastani yaliyoandikwa tayari: 5 kwa kibwengo, 13 kwa zimwi.

Wanaochelewesha zaidi ni wenye uchawi. Kila uchawi uwe na kadi: umbali, eneo, adui anajiokoa kwa sifa ipi, dadu ngapi. Asiyekuwa tayari zamu ikifika, mhusika wake anakwepa. Hapotezi kitu kikubwa, kwa sababu wanaomshambulia wanatupa dadu mbili na kuchukua ndogo.

MlinziWaDaraja

Asanteni sana wakuu. Madhara ya wastani hayatawafanya wachezaji wajue kila pigo ni kiasi gani?

PandeIshirini

Kwa vibwengo watajua, na haina shida. Watapanga vizuri zaidi. Kwa zimwi tupa dadu, pigo lake ni moja tu kwa raundi.

LudoNaUpanga

Ongeza jambo moja: si lazima maadui wafe wote. Toleo la zamani la D&D liitwalo Basic, la 1981, lina kipimo cha ujasiri ambacho unaweza kukichukua kama kilivyo. Tupa dadu mbili za kawaida, hata za ludo: mara ya kwanza adui mmoja akifa, na tena nusu yao wakiwa chini. Ikizidi ujasiri wao, wanakimbia au wanasalimu amri. Kibwengo ni 7, zimwi ni 10. Kwa 7, nafasi ya kukimbia ni 15 kati ya 36. Raundi mbili za mwisho, zile za kumalizia adui ambaye tayari ameshindwa, zinapungua sana, na meza inapata mateka wa kuhoji.

Wape pia maadui kazi nyingine zaidi ya kupigana. Mfano, vibwengo wawili wanakata kamba za daraja. Kila kamba ina uhai 10, zipo mbili. Mchezaji anayesubiri zamu ataangalia kamba, hatashika simu.

Kinga15

Hapo kwenye daraja umenena. Kwa watakaosoma uzi huu wakitumia kitabu cha 2024: kizidishi kimeondolewa. Unajumlisha XP ghafi, na kwa kundi kama hili bajeti ya chini ni 900, ya kati 1,350, ya juu 2,400. Zimwi na vibwengo sita, 750, hawafiki hata ya chini. Ongeza zimwi la pili, inakuwa 1,200, ila lile la pili liingie raundi ya tatu kutoka ng'ambo ya daraja.