Wakuu naomba ushauri: animesheni yangu ya mkaa niitoe mtandaoni ili iingie tamasha au niiache hapo hapo?

MkaaWaNgamiani:
Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni kijana wa miaka 26 niko Tanga, mchana nauza duka la steshenari, natoa fotokopi na kulamineti vyeti vya watu, usiku nachora. Sasa uchoraji wangu sio wa kuuza picha, natengeneza animesheni kwa mkaa. Yaani nabandika karatasi moja ya manila ukutani, nachora, napiga picha na simu, nafuta kidogo, nachora tena, napiga, hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri inanikuta. Karatasi ni ile ile moja kwaiyo weusi wa mchoro wa kwanza hauondoki wote, unabaki kama kivuli nyuma ya mchoro mpya, na hicho ndo ninachokipenda.

Mwaka mmoja na nusu nimepandisha YouTube vipande 11. Kilichoangaliwa sana kimeangaliwa mara 212 na nina uhakika 60 ni mimi mwenyewe. Kuna mtu aliniandikia kwa Kireno, nikaweka kwenye kutafsiri ikaniambia "vumbi zuri", nilifurahi wiki nzima.

Shida sasa. Cha mwisho ni cha dakika 4, kinamhusu babu yangu mzaa mama alikuwa mkata mkonge. Kinaanza na vitone 62, maana ile mwaka 1893 Mjerumani Hindorf anauleta mkonge huku kutoka Florida miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, vitone vinakuwa shamba, shamba linammeza mzee. Ni picha 2,880, miezi saba ya usiku. Nikakipandisha mwezi uliopita, wiki mbili baadae rafiki ananitumia tangazo la tamasha la animesheni huko nje, kuomba ni bure, nasoma masharti nakuta kazi isiwe imeshawekwa hadharani mtandaoni. Nilikaa chini. Nikitoe? Kimeangaliwa mara 74. Nikikitoa alafu tamasha wakanikataa nimekosa huku na huku.

La pili, kikiwa kwenye simu kiko safi, kikipanda mtandaoni kinakuwa vibokisi vibokisi kama unaangalia kupitia chandarua, na kinamekameka, mwanga unapanda na kushuka. La tatu, kuna msanii kachukua sekunde 9 za kazi yangu ya zamani kaziweka kwenye video ya wimbo wake, jina langu hamna, na yeye huko ana watazamaji elfu 30. La nne bro ananiambia niache huu ujinga nichore katuni za watoto za kuhesabu, ndo zina hela. Naombeni mawazo, msinitukane sana.

Pwagu_Mstaafu:
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu, ngoja waje wataalamu.

DalaliWaVyote:
Dogo bro wako anakupenda we hujui tu. Watoto wanaangalia kitu kimoja mara mia, mtu mzima akishaangalia mkonge wako unafutwafutwa mara moja anaenda kulala. Miezi saba! Miezi saba si ungekuwa na bodaboda.

MkaaWaNgamiani:
Mkuu nilishajaribu. Nilichora sungura anayehesabu, nilipofika saba nikasinzia mezani.

fundi_renda:
Haya nianze na vibokisi maana hilo ndo la kwetu mafundi, mengine watakuja wenyewe. Sikia mkuu, video ikipanda mtandao hauhifadhi kila fremu (picha moja moja) nzima, unahifadhi kilichobadilika kati ya fremu hii na ile. Mtu anayesoma habari kakaa mezani kinachobadilika ni mdomo tu, rahisi. Sasa wewe vumbi la mkaa linabadilika karatasi nzima kila picha, data iliyotengwa haitoshi, kwaiyo inabana mpaka inatoa vibokisi. Ndo maana kazi za sanaa za majaribio zenye chembechembe na michirizi zinaharibika kuliko video ya harusi. Dawa ni kupandisha kwa ukubwa zaidi hata kama waangaliaji wako wana simu ndogo, YouTube ukiipa faili la 1440 au 4K (picha kubwa zaidi) inalipa data nyingi kuliko la 1080, na mtu akichagua ubora wa juu anaona tofauti. Na wewe unazo picha, simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya 4000 kwa 3000, unakata juu na chini na pembeni kidogo unapata 3840 kwa 2160 kamili, ndo hiyo 4K, usianze kwa kupunguza. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida umeichoma mwenyewe.

Kumekameka ni kitu kingine. Nimeangalia kipande chako cha samaki, nina uhakika umeacha kamera kwenye oto. Ukichora eneo kubwa jeusi simu inadhani giza limeingia inaongeza mwanga yenyewe, ukifuta inapunguza. Ingia mpangilio wa pro au wa mkono, funga mwanga, funga fokasi, funga na rangi ile ya weupe (white balance), usiguse mpaka shoti, yaani hilo tukio moja, iishe. Simu yako haina? Kuna programu za kupigia animesheni kwenye simu zinakuruhusu kufunga. Na usivae shati jeupe wakati wa kupiga, nakwambia kweli, linarudisha mwanga kwenye karatasi na kila ukisimama mahali tofauti mwanga unabadilika. Watu wa kazi hii wanavaa nguo nyeusi. Umeme ukipungua taa ikafifia, acha, lala, endelea kesho.

MkaaWaNgamiani:
Fundi ubarikiwe!! Navaaga kanzu nyeupe usiku kwa sababu ya joto. Miezi saba nailaumu simu kumbe kanzu.

Pwagu_Mstaafu:
Nimemwaga karanga.

DadaWaMakorora:
Mimi sijui mambo ya ufundi wa video ila naomba niseme kitu kwa nia njema. Mdogo wangu ana kifafa, alipokuja kwangu likizo nikawa naangalia video fulani ya sanaa inawaka inazima inawaka inazima, dakika haikuisha mtoto kaanguka. Kile kipande chako cha pili cha radi kinafanya hivyo hivyo. Mwaka 1997 Japani watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kuangalia kipindi kimoja cha Pokémon chenye mwako wa nyekundu na bluu. Kipimo wanachotumia ni mwako usizidi mara tatu ndani ya sekunde moja. Kama hutaki kubadilisha basi weka onyo mwanzoni, kwa Kiswahili, sekunde tano zinatosha mtu kuifunga.

MkaaWaNgamiani:
Pole sana dada na samahani, sikuwahi kuwaza. Nimeandika onyo kwenye maelezo sasa hivi, cha radi nakifunga mpaka nikitengeneze upya.

MwalimuWaSanaa:
Kijana hujaniamkia lakini marahaba. Nimefundisha uchoraji miaka mingi, nimeangalia vipande vyako vyote 11, na kabla ya matamasha tuzungumze mkaa. Huo wako wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi, naona mikwaruzo hairudi hata ukifuta. Tengeneza wa kwako. Chukua vijiti vyembamba vya mti laini, unene wa kidole cha mwisho, vibanduliwe gome, vipange kwenye kopo la bati lenye kifuniko, toboa katundu kamoja kadogo, weka kopo kwenye moto. Moshi utatoka kwenye katundu, moshi ukikoma toa, acha lipoe lenyewe usifungue, ukifungua lina moto unapata majivu. Na kufuta usitumie raba peke yake, nyama ya ndani ya boflo inanyonya mkaa bila kuchuna karatasi. Wachoraji walikuwa wanafuta kwa mkate hata kabla raba haijajulikana. Mchoro wa mwisho wa kila shoti unaotaka kuutunza upulizie ile dawa ya nywele ya kopo, kwa mbali, lakini ukishapuliza huwezi kufuta tena kwaiyo hakikisha umemaliza.

Na huo uitwao ujinga una wenyewe. William Kentridge wa Johannesburg kaanza filamu zake za namna hii mwaka 1989, mkaa, karatasi moja kwa tukio zima, anachora anafuta anapiga, na alama za kufuta anaziacha makusudi. Leo zimo kwenye makumbusho makubwa. Nyuma zaidi, 1906 huko Marekani Blackton alikuwa anachora sura kwa chaki ubaoni na kuzifanya zicheke. Sikwambii hivi ili uvimbe kichwa. Nakwambia ili ukaangalie. Na hasa angalia Kentridge anavyokaa na kitu kimoja, wewe kila baada ya sekunde mbili unageuza kitu kuwa kitu kingine, mzee kawa jani, jani limekuwa ndege, ndege kawa jua. Inachosha. Mzee wako muache awe mzee kwa sekunde ishirini.

MkaaWaNgamiani:
Shikamoo mwalimu, nisamehe. Hilo la kugeuzageuza limeniuma kwa sababu ni kweli, nikiona shoti imekuwa ndefu naogopa mtu ataondoka. Boflo nimelijaribu usiku huu huu, linafuta safi, ila sisimizi wamejaa ukutani.

MwalimuWaSanaa:
Marahaba. Ufagie.

Msanii254:
Niko Nairobi, nimetuma kazi matamasha kama kumi na tano hivi, nimekubaliwa mawili, so hizi rejekshoni ninazijua kwa majina. Buda, usifute kitu kwa hasira kwanza. Soma sheria ya hilo tamasha tena pole pole, ziko za aina nyingi. Kuna wanaotaka kazi isiwe imeonekana popote. Kuna wanaojali kama imeonekana kwa nchi yao tu. Kuna wale hawajali kabisa, hao ni wengi kuliko unavyodhani hasa kwa filamu fupi. Na karibu wote wana kipimo cha tarehe, kazi isiwe imekamilika zaidi ya mwaka mmoja au miwili, kwa hivyo, hivyo vipande vyako vya zamani viache online vitembee, hakuna mtu atakuuliza.

Hiki kipya kifiche leo, usikifute. Kufuta kunapoteza komenti na ile linki, kuficha ni kubonyeza tu na kesho unarudisha. Alafu waandikie imeili, waambie ukweli, ilikuwa online wiki kadhaa, watu 74, nimeiondoa, je mtaipokea? Mbaya zaidi ni wakwambie hapana, bora kuliko wakupate wenyewe baadaye. Ukituma, tumia linki yenye nywila. Huku nje acha kionjo cha sekunde 20, hiyo haihesabiwi mara nyingi. Na usitume kwa lile moja tu! Ziko nyingi kwa FilmFreeway, ile tovuti ya kutumia kazi kwa matamasha, zingine zinataka pesa, chagua za bure. ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, iko hapo tu mbele yako, inafanyika tangu 1998, na wewe ni mtu wa pwani. Dar kuna Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni, waulize kama wanaweza kukuonyeshea ukutani kwa projekta. Hii kitu yako nadhani haikutengenezwa kuonekana kwa simu ya mtu akiwa kwa matatu.

Ukitaka mfano wa huku kwetu tafuta Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya 2012, ilikuwa kazi yake ya kumaliza masomo London. Amechanganya kuchora na miili ya watu wa kweli.

BushLoya:
Kuhusu zile sekunde 9. Mimi sio wakili wako nasema kama jirani. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 kazi yako inalindwa tangu ulipoitengeneza, sio mpaka uisajili. Kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kwenye ushahidi tu. Na ushahidi wewe unao kuliko mtu yeyote, una mapicha maelfu kwenye simu yenye tarehe na saa, usiyafute hata simu ikijaa, yahamishie kwenye fleshi. Anza na ujumbe wa kistaarabu kwa huyo msanii, mwambie weka jina na linki yangu kwenye maelezo ya wimbo, mpe siku saba. Wengi hawana ubaya, kapewa na mtu wa kuediti. Akikaa kimya ndo unajaza fomu ya malalamiko kule kule YouTube. Ila na wewe jiangalie, kile kipande cha samaki kina taarabu nyuma, uliomba?

MkaaWaNgamiani:
Hapana mkuu. Kaseti ya bibi. Nilidhani vya zamani ni vya wote.

BushLoya:
Vya zamani vina wajukuu.

fundi_renda:
Weka simu nyingine pembeni ya karatasi urekodi mkaa unavyokwaruza, na lile boflo, na adhana ikiingia kwa mbali. Hiyo sauti hakuna wa kukudai.

DalaliWaVyote:
Nimeangalia ya mkonge. Yote, nilikuwa nasubiri mteja. Dogo umekosea. Mkonge haukatwi majani ya juu, unaanza ya chini yaliyokomaa, yale ya katikati yaliyosimama unayaacha mmea uendelee kukua. Wewe babu yako umemchora anafyeka juu kama anakata ndizi. Siku ile ile nyapara angemfukuza. Na jani lina mwiba kwenye ncha, hukuuchora hata mmoja. Mimi baba yangu kakata mkonge Korogwe mpaka anastaafu, nimekula mkonge, nimesoma kwa mkonge. Katuni sijui ila hilo najua.

Pwagu_Mstaafu:
Dalali mwenyewe!!

MkaaWaNgamiani:
Wakuu nimewasoma wote. Nimekificha kile cha mkonge. Imeili nimeituma na nimewaambia kila kitu hadi hao 74. Huyo msanii nimemwandikia, kasoma, hajajibu, namhesabia siku. Bro bado anasema sungura.

Baba DalaliWaVyote umenimaliza, babu alifariki sijazaliwa, nilikuwa nachora nilivyohadithiwa na mama na mama naye hakuwahi kuingia shambani. Tukio la kukata narudia lote, majani ya chini, sekunde 20 bila kugeuka ndege kama alivyosema mwalimu, hiyo ni picha 240. Nimevaa tisheti nyeusi, nimefika picha ya 31. Naomba kuuliza tu, ule mwiba wa ncha mzee alikuwa anaukata kabla ya kufunga mzigo au baada?

DalaliWaVyote:
Kabla. Baada utakuchoma begani.