Peugeot 504 ya marehemu baba haivuti mlima wa Golini, nianzie wapi?

Mwana_Tudor

Salaam aleikum nyote, na hamjambo.

Nina Peugeot 504 ya 1979, ile ndefu ya safu tatu za viti, petroli, injini ya lita mbili, kabureta. Ilikuwa ya marehemu baba. Alipofariki 2020 gari likabaki chini ya mkungu hapa Tudor, Mombasa, upande wa majini, miaka minne halikuwashwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawakupitisha mwezi bila kubisha hodi kuuliza bei. Mwaka jana nikasema gari hili halikatwi vipande, nitaliamsha.

Limeamka, alhamdulillahi, lakini halina nguvu. Asubuhi lawaka kwa selfi moja. Likisimama, injini yatulia, haitingishiki. Mjini, kutoka Tudor mpaka Mwembe Tayari, huwezi kujua kama lina kasoro. Nikishuka feri Likoni, tambarare yote mpaka Kombani laenda, ila uvivu naanza kuuhisi nikitaka kupita lori. Balaa ni pale nikikata kulia kuelekea Kwale. Mlima wa Golini ukianza, nakanyaga mafuta mpaka chini na gari halijibu. Halikatikikatiki, halikohoi, lanyong'onyea tu. Natoka gia ya nne, naingia ya tatu, mwisho napanda na ya pili, na sindano ya joto yapanda pamoja nami. Juzi bodaboda yenye abiria wawili na gunia la makaa katikati ilitupita.

Baba alikuwa akipanda mlima huo na sisi watoto wanne, nyanya yetu mzaa baba au mama amekaa mbele na nazi nyuma, gia ya tatu, huku akizungumza. Mlio wake bado ninao masikioni.

Nimeshabadilisha plagi, betri, oili na filta. Tangi limeoshwa. Kabureta limefunguliwa mara mbili na mafundi wawili. Elfu kumi na nane zimekwenda, hali ni ile ile. Fundi wa mwisho asema injini imekwisha, niing'oe nitie ya Toyota. Sitaki. Naomba anayeijua 504 aniambie nianzie wapi.

Kijana_wa_Changamwe

Pole dada. Mimi naona ni petroli. Magari haya yalitengenezwa wakati wa petroli yenye risasi, na hiyo haiuzwi tena. Ama tafuta kabureta jingine la mtumba. Hilo lililala na petroli iliyooza miaka minne, vijia vyake vidogo vitakuwa vimeziba. Angalia pia kile kimpira kinachotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distribiuta (ile inayogawa umeme wa cheche kwa plagi), kikipasuka gari huwa zito.

Abu_Bajuni

Kabla ya injini, hakikisha gari halijifungi breki. Nilikuwa na 404 pikapu iliyolala muda mrefu Kisauni. Mpira wa breki wa mbele kushoto ulikuwa umevimba kwa ndani: ukikanyaga, mafuta ya breki yaenda, ukiachia hayarudi. Mwezi mzima nikitafuta nguvu ndani ya injini, kumbe injini ni nzima, yavuta gurudumu lililokamatwa.

Fundi_Majengo

Mwanangu, usiing'oe injini. Injini iliyokwisha haiwaki kwa selfi moja asubuhi, haitulii, tena ingekutolea moshi na kula oili. Hayo yote hukuyataja.

Nilianza kushika spana 1981, gereji moja ya Shimanzi, wakati teksi za masafa marefu zilikuwa ndizo hizi. Zikipanda Mazeras watu wamejaa ndani na mizigo juu ya paa. Ndilo gari lililoshinda Safari Rally 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya pili ilikuwa ya milango miwili na injini ya V6. Kwa hivyo nikisikia 504 imeshindwa na Golini, najua kuna kitu kimeishika.

Neno lako moja ndilo lililonifanya nikae niandike: "lanyong'onyea". Gari linalokosa petroli halifanyi hivyo. Lile huvuta vizuri mwanzo wa mlima, kisha hukatika, hurukaruka, ukilegeza mguu kidogo lapata nafuu, ukikanyaga tena lakatika. Lako ni zito tangu chini mpaka juu, sawasawa. Hiyo ni dalili nyingine kabisa, na mafundi wawili wamefungua kabureta bila kukuuliza swali hilo. Naumia nikiona hivi. Kabureta ndilo kila mtu hulikimbilia kwa sababu liko juu na bisibisi yatosha.

Kijana wa Changamwe, petroli bila risasi yaweza kuvila viti vya valvu kwenye injini za zamani za kichwa cha chuma, pole pole, maelfu ya kilomita. Hii ina kichwa cha alumini na viti vyake vya valvu ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Haiwezi kuwa ndiyo iliyolitoa gari nguvu.

Abu Bajuni amesema kweli, anza na breki. Endesha kilomita kumi bila kufunga breki kwa nguvu, simama, shika rimu zote nne kwa mkono. Iliyokamatwa utaijua kwa joto lake.

Halafu zima injini, fungua kabureta juu, mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka mwisho, wewe chungulia na tochi. Kile kibamba cha ndani, kinachofungulia hewa, lazima kisimame wima. Nimeona gari likihangaishwa miezi kwa sababu ya zulia jipya lililokunjika chini ya pedali.

Mwisho mwite fundi mwenye geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe moto, plagi zote nne zitolewe, mafuta yakanyagwe mpaka chini wakati selfi yazungusha. Akipima huku kibamba kimefunga, hewa haiingii na atapata namba za uongo, akwambie tena injini imekwisha. Niletee namba hizo. Na jambo jingine: siku ukirudi Kwale usiku, simama juu ya mlima, fungua boneti kabla ya kuzima, uniambie bomba la ekzosti lina rangi gani pale linapotoka kwenye injini.

Mwana_Tudor

Shikamoo mzee. Nimefanya yote.

Rimu: zote vuguvugu, hakuna iliyozidi.

Pedali: mdogo wangu alikanyaga, mimi na tochi. Zulia lilikuwa limezuia kidogo, upana wa kidole. Nimelitoa, sasa kibamba chasimama wima. Gari limepata nafuu kidogo sana, lakini Golini bado ni gia ya pili.

Kompresheni, nikihesabu kutoka mbele: 150, 145, 150, 140.

Na bomba. Jana tulirudi baada ya isha. Nilisimama juu, nikafungua boneti injini ikiwaka. Mzee, lilikuwa jekundu. Si jekundu la kutu, jekundu la makaa yanayokaribia kuzima, kuanzia kwenye injini mpaka pale linapopinda kwenda chini. Mama alishuka garini akakataa kupanda tena mpaka lilipopoa.

Fundi_Majengo

Marahaba. Kwanza, injini yako ni nzima, namba hizo wengi wangezitamani. (Peugeot huhesabu silinda kutoka nyuma, upande wa klachi. Hiyo 140 yako ndiyo silinda ya kwanza. Likumbuke hilo siku utakapoagiza kazi.)

Bomba jekundu limesema kila kitu. Cheche yako yachelewa.

Petroli haiwaki yote kwa mara moja, yahitaji muda. Injini ikienda polepole, muda upo. Ikienda kasi, pistoni haingoji, kwa hivyo cheche lazima itangulie zaidi. Ndani ya distribiuta, chini ya bamba la pointi (zile zinazokata umeme ili cheche ipigwe), kuna vyuma viwili vidogo vyenye springi. Injini ikizunguka kasi vyatanuka na kuisukuma cheche mbele. Vikishikwa na kutu, cheche yabaki pale pale pa gari lililosimama. Ndiyo maana likisimama latulia na mjini halina neno. Ukilidai nguvu, petroli yawaka kwa kuchelewa, pistoni imeshaanza kushuka, na moto unatoka kwenye ekzosti badala ya kusukuma gari. Bomba laiva, maji yachemka, nguvu hakuna. Miaka minne kando ya maji ya Tudor, na chumvi ile, ningeshangaa kama visingeshika.

Kile kimpira cha kabureta kiangalieni pia. Kivute kwa mdomo, bamba la pointi lapaswa kusogea. Lakini hicho kazi yake ni mguu mwepesi. Ukikanyaga mpaka chini hakuna uvutaji wa hewa kwenye kimpira hicho, kwa hivyo si yeye anayekushinda Golini.

Jaribu hivi: zima, fungua kofia ya distribiuta, shika rota, kile kinachozunguka katikati, kwa vidole viwili uizungushe. Upande mmoja itakataa. Upande wa pili yapaswa kwenda kidogo, na ukiiachia irudi yenyewe haraka.

Mwana_Tudor

Haisogei. Upande wowote. Kama imejengewa.

Fundi_Majengo

Itoe distribiuta. Kabla hujailegeza, piga alama kwa msumari mahali ilipokaa na rota ilipoelekea. Usizungushe injini mpaka uirudishe.

Mwana_Tudor

Samahani kwa kimya, wiki ilikuwa na mambo.

Tulifungulia kwenye meza ya jikoni juu ya gazeti. Chini ya bamba grisi ya zamani ilikuwa imegeuka nta, rangi ya halua iliyolala, na vyuma vile viwili vimegandana na vijiti vyake kwa kutu ya unga mwekundu. Nilivilaza kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi kimoja kilitoka kwa mkono, cha pili nilikibembeleza na koleo ndogo mpaka saa nne. Springi zote mbili nzima. Nikasugua kwa msasa laini, nikapaka grisi kidogo kwenye vijiti, na matone mawili ya oili pale chini ya rota penye kitambaa. Pointi nimeweka nafasi ya milimita 0.40. Tukarudisha kwenye alama, na jirani mwenye taa ya taimingi akaja kuhakikisha. Ukipandisha mwendo wa injini unaiona alama yatembea.

Kabla sijafunga kofia nilizungusha rota, nikaachia. Yarudi: tak. Nilifanya hivyo mara kama kumi.

Jumamosi tulikwenda Kwale watu sita. Golini gia ya tatu, mwendo wa 60, na mguu bado una nafasi chini yake. Sindano ya joto haikupita kati. Mama alikuwa mbele pale alipokuwa akikaa nyanya, hakusema neno mpaka tulipofika juu, kisha akasema, "Ndio mlio wake."

Mzee, Mungu akuzidishie. Limebaki swali moja. Kofia ya distribiuta ina ufa mwembamba na nataka mpya. Niulize ya mwaka gani?

Fundi_Majengo

Alhamdulillahi, mwanangu. Usiulize kwa mwaka. 504 zilikuja na Ducellier na nyingine na SEV Marchal, na kofia zao haziingiliani. Ing'oe uliyonayo, uende nayo dukani na rota yake, uzilinganishe mkononi kabla hujalipa. Na ule ufa usiungoje mvua za Aprili, unyevu ukiingia halitawaka asubuhi.