Megawati 2,115 za Rufiji, na Chamazi feni bado inazunguka kama imelazimishwa

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za mgao, maana huku kwetu Chamazi, pembezoni mwa Dar, hakuna mgao. Umeme upo. Saa moja jioni taa inawaka, ila inawaka rangi ya chungwa, na stabilaiza ya friza inalia tak, inakata, inajaribu tena, tak, inakata. Fundi alichomeka mita yake kwenye soketi mbele yangu ikasoma volti 158. Kiwango ni 230. Huo si umeme, ni salamu za umeme.

Mimi nauza kuku wa nyama. Kompresa ikikosa nguvu ya kuanza haizimi kistaarabu, inanguruma palepale, inachemka, mwisho waya za ndani zinaungua. Yangu iliungua wikiendi, friza ikiwa imejaa, kuku nikawaachia mama lishe kwa bei ya kutupa kabla hawajaharibika. Kwenda kudai fidia? Nani ana muda huo.

Sasa kinachonichefua ni kwamba ukifungua redio ni bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji, ukifungua simu ni bwawa. Na mimi bwawa silipingi hata kidogo, tuelewane. Mkataba ulisainiwa 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukawasha Februari 2024, mwaka uliofuata yote tisa ikawa tayari, kila mmoja megawati 235. Mgao ule mkali wa mwishoni mwa 2023 tukaanza kuusahau. Nchi leo ina mitambo ya zaidi ya megawati 4,000, wakati mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa yalikuwa hayajafika 2,000. Kishapu huko Shinyanga wanaweka na sola. Safi sana, hongera.

Lakini umeme hausafiri kwa ungo kutoka Rufiji mpaka kwenye friza yangu. Unatoka bwawani kwa laini ya kilovolti 400 mpaka Chalinze, unaingia gridi, unafika vituo vya kupoozea vya Dar, yaani vya kupunguza volti, unashuka kwenye laini za kilovolti 33 na 11, halafu ndiyo unakuta transfoma ya mtaani. Na kila habari ya "kuimarisha gridi" ninayoisoma inaishia kituo cha kupoozea, waheshimiwa wamevaa helmeti, wanapiga makofi. Kuanzia hapo kuja kwangu hakuna anayekata utepe.

Transfoma yetu ilifungwa wakati huku ni mikorosho na nyumba za kuhesabu. Leo kuna fremu kila upande, saluni, mashine ya kusaga, wachomelea mageti, wapangaji vyumba kumi uani. Transfoma ni ileile, na waya ni zilezile nyembamba zilizoongezwa nguzo baada ya nguzo. Sisi wa mwisho wa laini tunaokota kilichobaki. Mchomeleaji akigusisha tu chuma, taa ya chumbani kwangu inainama.

Ukipiga simu ya dharura ya TANESCO, shirika la umeme, unapewa namba ya taarifa. Baadaye inaingia meseji: tatizo lako limeshughulikiwa. Umeisomea gizani. Siku vijana wa gari walipokuja kweli, walipanda, wakabadilisha fyuzi, wakashuka, mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, hii imezidiwa, tumeshaiandikia." Imeandikiwa wapi, kwa nani, lini, hana jibu, na simlaumu yeye.

Anayefuata ni kishoka, fundi wa umeme wa mtaani asiye wa shirika. Huyu hakosei njia. Anakwambia fezi yako, waya moja kati ya tatu za laini, imebeba watu wengi, nitoe kidogo nikuhamishie kwenye ile nzuri. Watu wanatoa. Mwezi mzima mtaa unahamia fezi moja, nayo inazidiwa, fyuzi inaruka juu, wote tunalala giza, kishoka anarudi kuuza fezi nyingine. Biashara nzuri kuliko kuku.

Halafu tunahubiriwa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mama watoto akanunua jiko la presha la umeme. Wenye hesabu wananielewa: volti zikishuka mpaka 158, jiko la kawaida la kuchemsha linatoa chini ya nusu ya moto wake, maana nguvu inashuka kwa kipeo cha pili cha volti, haishuki kwa uwiano wa kawaida. Maharage ya jioni yakawa ya usiku wa manane. Gunia la mkaa limerudi jikoni, na msituletee semina.

Machi 2025, kwenye uzinduzi wa mradi wa maji wa Same–Mwanga, Rais Samia alieleza kwa nini Kanda ya Kaskazini inunuliwe umeme wa Ethiopia: kuusafirisha kutoka kusini ni mbali, unapotea njiani. Hoja naielewa. Basi kama upotevu wa njiani unatosha kuvuka mipaka miwili, huu wa nguzo ishirini za mwisho ndani ya Dar haustahili hata transfoma moja?

Na hela tunalipa. Elfu kumi ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti inanipa yuniti kama 28, kwa sababu ndani yake mna VAT, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kila mwezi. Hiyo haijawahi kusoma 158, inakuja kamili.

Najua mtakuja wa "funga sola yako mkuu". Leta bei ya paneli, betri na inveta ya kubeba friza mbili usiku kucha, ndiyo tuongee. Kuku hawagandi mchana peke yake.

Wa Kivule, Chanika, Goba, Kigamboni ya ndani: pimeni saa moja jioni, wekeni hapa volti na mtaa. Pole sihitaji. Na kama humu kuna mtu wa ndani ya shirika, na najua mpo, atuambie hizo transfoma "zilizoandikiwa" ziko mezani kwa nani, na kwa nini orodha yake na tarehe za kufungwa haibandikwi hata ofisi ya serikali ya mtaa.